Wasomaji wa riwaya za mtandaoni hawana pa kuitikia

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme neno kuhusu lalamiko ambalo waandishi wa riwaya za mfululizo hulirudia karibu kila wiki: kwamba wasomaji wetu wanasoma kimyakimya, hawasemi nzuri, hawasemi mbaya, wapowapo tu. Mwandishi anatuma sehemu ya 17 saa 3 usiku, anakaa na simu mkononi mpaka saa 5, anaambulia vidole gumba vinne na "next" mbili. Kesho yake anaandika kwa hasira kwamba asipopata maoni hamsini, hadithi inaishia hapo.

Sisi tunaoandika, kuhariri na kusimamia makundi ya hadithi hapa Mtwara na kwa jirani zetu wa Lindi tunaona lalamiko hilo limeelekezwa pasipostahili. Msomaji si mchoyo wa maneno. Hajawekewa mahali pa kuitikia, na pale alipowekewa panamgharimu kuliko mwandishi anavyodhani.

Kila aliyekulia pwani anajua msimulizi akisema "Hadithi, hadithi!" kinachofuata. Watoto wote hujibu kwa mkupuo mmoja: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Hanyamazi hata mmoja, hata yule mwenye haya kuliko wenzake. Jibu lenyewe linajulikana kabla. Ni fupi. Linatolewa na wote kwa pamoja, kwa hiyo hakuna anayejitokeza peke yake akatazamwa. Tena linaombwa mahali pake, na msimulizi hasogezi hadithi mpaka alipate. Sasa mchukue mtoto huyohuyo akiwa na miaka thelathini, umweke chini ya sehemu ya 17. Swali hakuna, au lipo lile la "Mnaionaje?" Jibu halijulikani. Atakayejibu atajibu peke yake, jina na picha vikiwa pembeni, mbele ya watu asiowajua na wachache anaowajua mno. Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni baraza.

Tuweke hesabu mezani mapema, maana waandishi wengi wanaumia kwa kutojua watarajie nini. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2006 kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni watu 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na 1 ndiye anayeleta sehemu kubwa ya michango. Hicho ni kipimo cha kukadiria. Lakini ukikiweka kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 500 kinakupa 450 wa kimya, 45 wa mara mojamoja na 5 wa kila siku. Kundi likijaa mpaka watu 1,024, ambao ndio mwisho unaoruhusiwa, wa kila siku ni kama 10. Kwa hiyo mwandishi mwenye watu watano wanaoandika kila sehemu hana msiba. Anayedai maoni hamsini kwa kila sehemu kwenye kundi la 500 anadai mtu mmoja katika kila kumi.

Halafu kuna maoni yanayotolewa kweli, tena makali, ila hayafiki. Nenda kwenye kibanda cha kubangulia korosho, iwe Newala, Tandahimba au pembezoni mwa Mtwara mjini. Wanawake watano au sita wamekaa. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochubua ngozi, kwa hiyo kabla ya kuanza hujipaka majivu au mafuta mikononi. Mmoja tu ndiye mwenye mikono misafi, pengine kwa kuwa ananyonyesha. Huyo ndiye anayeshika simu na kusoma kwa sauti. Akifika pale shemeji alipofungua sanduku akakuta cheti cha ndoa cha pili, kibanda kizima kinapiga kelele. Mmoja anamlaani shemeji. Wa pili anasema yeye alijua tangu sehemu ya 5. Wa tatu anauliza cheti hicho kilitolewa wapi, mbona sehemu ya 8 mwanamume yuleyule alisema hajawahi kutoka Nachingwea? Hayo ni maoni matatu, na la tatu ni la kihariri kabisa, la kumwokoa mwandishi na aibu. Kwa mwandishi limeongezeka jina moja tu kwenye orodha ya waliosoma. Wasikilizaji watano hawapo kwenye hesabu yake, na mwenye simu hawezi kuyaandika yote matatu kwa kidole kimoja huku mtoto ananyonya.

Dawa ya hapo ni kuruhusu jibu la sauti, tena kuliomba wazi: "Mnaosoma pamoja, turekodieni sekunde 30." Mwandishi asiyeandika maneno hayo hatazipata sauti hizo, kwa sababu msomaji hudhani maoni ni lazima yawe ya kuandikwa. Sekunde 30 zinatosha. Ukiruhusu dakika tano utaletewa mambo ya mtaa mzima na hutasikiliza yote. Na ukishasikiliza, jibu kwa sauti vilevile. Kibanda kitakusikia kwa pamoja.

Tuje kwenye bando. Wasomaji wengi hawasomi wakiwa hewani. Wanawasha data dakika moja, ujumbe unamiminika, wanazima, kisha wanasoma kitandani bila intaneti. Akiandika maoni usiku ule, yanakaa na alama ya saa pembeni, hayaendi. Asubuhi anawasha data, maoni yanaondoka, na kumbe mwandishi ameshatuma sehemu inayofuata. Maneno yake kuhusu sehemu ya 17 yanatua chini ya sehemu ya 18. Mtu mmoja anamwambia "Dada uko nyuma," wengine wanacheka, na huyo hutamwona tena akiandika. Kosa hilo linazuilika kwa urahisi: msomaji aburute ujumbe wa hadithi kuelekea kulia kabla ya kuandika, ili jibu lake lisafiri likiwa limebeba kipande cha sehemu anayoizungumzia. Wasimamizi wa makundi waliweke jambo hili kwenye maelezo ya kundi na walirudie kila baada ya wiki mbili, maana wageni huingia kila siku.

Pima pia muda. Sehemu yenye maneno 1,000 humchukua msomaji wa kawaida kama dakika 5. Maoni ya maneno 30, kwenye simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, yanaweza kumla dakika mbili au tatu, yaani nusu ya muda aliosomea. Kibodi iliyowekwa Kiingereza inazidisha tabu, kwani "yake" inageuka "take" na mtu anaanza upya. Anayetaka kuondokana nayo aingie kwenye mipangilio ya simu, afungue sehemu ya lugha na kibodi, aongeze Kiswahili, au azime kabisa usahihishaji wa moja kwa moja. Ni kazi ya dakika moja, na tungependa waandishi wawafundishe wasomaji wao kuliko kuwalaumu.

Sasa jambo ambalo kwetu ndilo zito kuliko yote, nalo ni usalama wa anayejitokeza, hasa mwanamke. Kwenye kundi la kawaida la WhatsApp namba ya kila mtu iko wazi kwa wote. Mwanamke akiandika sentensi moja ya kuonyesha kwamba hadithi imemgusa, hasa ikiwa ni ya mapenzi, anaanza kupokea salamu za pembeni: "Mambo," "Naomba tufahamiane," "Na wewe yamekukuta?" Anajifunza haraka kwamba kimya ndiyo kinga. Mwandishi anayeona wanaume wanne tu wakizungumza kwenye kundi ambalo zaidi ya nusu ni wanawake asiseme wanawake hawapendi kuchangia. Ajiulize nani anawafuata pembeni.

Hapa kanuni za upole hazifai. Iandikwe kwenye maelezo ya kundi kwamba anayemtumia mwanakundi ujumbe wa pembeni bila idhini anaondolewa kwa lalamiko la kwanza, bila mjadala wala kutajwa kwa mlalamikaji. Pia ipo njia ya chaneli ya WhatsApp, iliyofunguliwa kwa nchi nyingi mwaka 2023. Kwenye chaneli wafuasi hawaonani namba, wanaweka alama za hisia na kupiga kura bila kuogopa. Udhaifu wake ni kwamba haina mazungumzo huru kama ya kundi, hivyo mwandishi aweke pia namba ya kazi ambayo msomaji atatuma maneno yake faragha. Mwandishi akiomba ruhusa, anaweza kuyanakili kwenye chaneli bila jina: "Msomaji mmoja wa Lindi anasema..." Wasomaji wakiona mara mbili tatu kwamba jina halitoki, faragha ile hujaa maneno.

Aibu nayo ina sura nyingine. Miji yetu ni midogo. Anayesoma riwaya ya mapenzi kwa jina lake halisi anajua kuwa mkwewe yuko kwenye mtandao huohuo, na ustadhi aliyemfundisha madrasa yupo, na bosi wake yupo. Kusoma hakuonekani, kuandika kunaonekana. Wapo pia wanaosoma kwenye simu ya nyumba: binti anasoma kwa simu ya mama, mdogo kwa simu ya kaka. Binti huyo akiandika "Mungu wangu, nimelia," aliyelia mbele ya watu ni mama yake. Wengine wameogopeshwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 hata kwa mambo isiyoyagusa, wakaona salama ni kutoandika chochote. Haya yote hayatibiwi kwa hotuba. Yanatibiwa kwa kumpa mtu jibu lisilomfichua: namba, alama, kura.

Na kuna kudhihakiwa. Mtu aliyekua na Kimakonde au Kimwera nyumbani anaweza kuchanganya r na l anapoandika Kiswahili. Ameandika wazo zuri kuhusu tabia ya mhusika, halafu anajibiwa: "Jifunze kuandika kwanza." Aliyejibu hivyo hajamnyamazisha mmoja, wote waliokuwa wanapima kama waandike au waache wameshapata jibu. Mwandishi akiona jambo hilo asilipite. Ajibu wazo lenyewe, kwa jina la aliyelitoa, na heshima ileile ambayo angempa mhadhiri: "Umesema kweli kuhusu Zuhura, kwenye sehemu ya 12 nilimfanya mwoga." Kisha mkejeli aonywe pembeni, asiabishwe hadharani naye.

Tuseme pia makosa yetu waandishi, maana yapo na ni makubwa.

La kwanza ni sharti la "like 100, maoni 50 ndiyo niendelee." Ukilazimisha idadi utapewa idadi. Chini ya hadithi kutajaa "next," nukta, herufi F ya kufuatilia, "nitag," na mtu mmoja kuandika mara nne. Msomaji aliyekuwa na sentensi mbili za maana anatazama foleni ile anaona hapamfai. Tena umemfundisha kwamba maneno yake ni malipo, na hakuna anayelipa zaidi ya bei.

La pili ni kusimamisha hadithi sehemu ya 20 na kutangaza kwamba iliyobaki inauzwa, shilingi 1,000 au 2,000, tuma pesa upate yote. Kuuza si kosa; mwandishi naye anakula. Kosa ni kutosema mapema. Msomaji aliyeachwa njiani mara mbili hasogezi tena moyo wake karibu. Anasoma kwa mbali, akisubiri kukatwa, na mtu wa namna hiyo hatoi maoni. Kichwa cha sehemu ya 1 kinapaswa kubeba mambo manne: hadithi ina sehemu ngapi, inatoka siku zipi na saa ngapi, ya bure inaishia sehemu ya ngapi, na iliyobaki ni kiasi gani. Mistari miwili inatosha. Na sehemu zote ziwe zimeshaandikwa, au angalau theluthi mbili, kabla ya kutuma ya kwanza. Anayeandika leo na kutuma leo huugua, husafiri, hukosa umeme, na wasomaji hupoa.

La tatu hatulisikii likisemwa, na linahusu ufundi wenyewe. Tumezoea kukata sehemu pale penye hatari: mlango ukagongwa, risasi ikalia, simu ikaita kutoka namba ya marehemu. ITAENDELEA. Arosto hiyo, yaani kiu ya kutaka zaidi, ndiyo inayomrudisha msomaji kesho, hatuibezi. Lakini iangalie kwa upande wake: mtu aliyeachwa na mlango unaogongwa anataka kitu kimoja tu, kujua nani yuko nje. Kwa hiyo "next" yake si uvivu, ni jibu sahihi kwa ulichomwuliza. Ukitaka afikiri na aseme, mara moja kila baada ya sehemu nne au tano kata kwenye uamuzi badala ya hatari. Zuhura ameshika bahasha ya mumewe, gundi haijafunguliwa, na yeye peke yake yuko ndani. Afungue au airudishe chini ya godoro? Hapo kila mtu ana jibu, maana kila mtu amewahi kushika bahasha ya namna hiyo. Kwenye mlango unaogongwa msomaji ni shahidi. Kwenye bahasha amekuwa mzee wa ukoo.

Swali lenyewe liwekwe kwa ufundi. Liwe moja. Likae mara tu baada ya sentensi ya mwisho ya hadithi, kabla ya neno ITAENDELEA, kabla ya tangazo la bei, kabla ya namba ya simu. Likishuka chini ya hivyo halisomwi. Lihusu mhusika, lisihusu mwandishi: "Afungue au asifungue?" linajibika, "Nimeandika vizuri?" linamtia mtu aibu, kwa sababu kwetu kumkosoa mtu usoni ni utovu wa adabu na kumsifu bila kumaanisha ni unafiki, basi ananyamaza. Lijibike kwa neno moja au tarakimu: andika 1 afungue, 2 arudishe. WhatsApp imeweka kura tangu mwaka 2022 na inapokea mpaka machaguo 12, lakini mawili yanatosha. Ukiweka matano kura zinatawanyika na hakuna kinachosikika. Kumbuka kwamba kura ya kwenye kundi inaonyesha nani kachagua nini, kwa hiyo mambo ya siri ya ndoa yapeleke kwenye chaneli.

Kisha, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, jibu la wasomaji lionekane. Sehemu inayofuata ikianza na ILIPOISHIA, ongeza mstari mmoja: "Jana 31 walisema afungue, 12 walisema arudishe. Dada mmoja wa Masasi alisema aipeleke kwa mama mkwe ikiwa imefungwa hivyohivyo." Halafu SASA ENDELEA. Si lazima Zuhura afuate kura. Ila ikiwa unakwenda kinyume, msomaji aone kwamba hoja yake ilisikika, hata kwa sentensi moja ndani ya mawazo ya Zuhura. Ukiuliza mara tatu na kupita kama hukusikia, mara ya nne utauliza ukuta. Na usiulize kila sehemu. Mara moja kila baada ya sehemu nne au tano inatosha, zaidi ya hapo inakuwa mtihani wa darasani.

Wa kwanza kuandika ndiye mwenye kazi ngumu, wengine hufuata. Ni halali kuwaomba wasomaji wawili watatu wa kweli wawahi kutoa maoni yao ndani ya dakika kumi za mwanzo. Kujifungulia namba bandia na kujisifu mwenyewe si halali, na wasomaji hugundua kwa mwandiko.

Waandishi wa Dar es Salaam wanaopeleka wahusika wao kusini wasidharau nguvu ya mahali. Hakuna kinachomfungua msomaji mdomo kama kuona barabara yake imekosewa. Andika kwamba basi la kutoka Dar es Salaam lilipita Masasi ndipo likafika Mingoyo, uone. Kila mtu wa Lindi anajua kwamba Mingoyo ndiyo njiapanda, anayekwenda Masasi anashika njia yake na anayekuja Mtwara anashika yake. Atakuandikia mtu ambaye hajawahi kuandika, kwa sababu sasa ana kitu anachokijua kuliko wewe. Hatusemi mkosee kwa makusudi, wapo wanaofanya hivyo na si uungwana. Tunasema mwandike mahali kwa majina yake na kwa undani, kisha mkaribishe kusahihishwa: "Wa Mikindani, nimepatia?" Wakikusahihisha, rekebisha na ushukuru siku hiyohiyo. Msomaji aliyesahihisha njiapanda leo, kesho atakuambia kwamba bajaji ya sehemu ya 3 imegeuka pikipiki sehemu ya 9.

Kuhusu wakati, kila mwandishi ana wasomaji wake, lakini hapa kwetu saa 2:45 usiku, baada ya isha na taarifa ya habari, inafaa kuliko saa 4, ambapo watu wanasoma wakisinzia. Ramadhani isogezwe mpaka baada ya tarawehe. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hadi Desemba, mtu aliyeamka alfajiri kwenda kuokota hawezi kukuandikia aya usiku. Mpe kura na umwache alale.

Mwisho wa yote mwandishi ajue kuhesabu kimya chenyewe. Kwenye kundi la WhatsApp, bonyeza na ushikilie ujumbe wako wa hadithi, fungua maelezo yake, utaona waliosoma na waliopokea tu. Waliozima tiki za bluu kwenye mazungumzo yao binafsi nao wataonekana, kwani kuzima huko hakufanyi kazi kwenye makundi. Tazama baada ya saa 24, kila sehemu kwa saa ileile, uandike kwenye daftari. Tuseme sehemu ya 1 ilisomwa na 300, ya 5 na 210, ya 10 na 180, ya 20 na 174. Hao 174 hawajasema neno, lakini hawajaondoka. Wamekupa dakika 5 mara ishirini, yaani zaidi ya saa moja na nusu kila mmoja. Na waliopungua kati ya sehemu ya 1 na ya 5 nao wamesema jambo: rudi ukasome sehemu hizo, kuna mahali umewachosha. Ukiona sehemu moja imeshuka ghafla kisha inayofuata ikapanda, chunguza saa uliyotuma kabla hujachunguza maandishi.

Nakala zilizonakiliwa na kusambazwa huzioni kabisa. Ujumbe uliopita kwenye mazungumzo matano au zaidi hubeba mishale miwili, na aliyeupata kwa njia hiyo hajui wewe ni nani wala akujibu wapi. Ndiyo maana jina la mwandishi na namba ya sehemu vikae mstari wa kwanza, na njia ya kumfikia irudiwe karibu na mwisho, ndani ya ujumbe uleule. Ukiiweka kwenye ujumbe wa pekee itabaki nyuma hadithi ikisafiri.

Ndugu Mhariri, magazeti nayo yana sehemu yao. Riwaya za kwenye kurasa zenu zilikuwa na wasomaji wa kimya muda mrefu kabla ya simu: anayetaka kusema kitu alihitaji karatasi, bahasha, stempu na sanduku la posta, na gazeti moja lilisomwa na kijiwe kizima cha kahawa ambako maoni yote yalimalizikia. Tunaomba chini ya kila riwaya mnayochapisha muweke namba ya kutuma ujumbe mfupi wa kawaida, ambao hata simu ya tochi inaweza, na muda wa mwisho wa kupokea, siku mbili kabla ya toleo linalofuata. Chagueni majibu mawili, maneno yasizidi 40 kila moja, mkirekebisha herufi bila kuondoa sauti ya mwenyewe, myachape juu ya ILIPOISHIA na si kwenye ukurasa mwingine. Jina la mwandikaji litoke kama atakavyo, au mji wake peke yake.

Wenu,
Waandishi na wasimamizi wa makundi ya hadithi,
Mtwara